Muulize Anko wa Sinema: Huyo Mjapani wa Picha Chafu

Toleo lililopita nilitaja jina la Nagisa Oshima kwa mistari miwili tu, nikasema Japani haijawahi kutoa muongozaji mchokozi kama yule, na kwamba kampuni yake mwenyewe iliwahi kuing'oa picha yake, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, zingine za maswali zingine za matusi, zote nimesoma, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa Oshima na nyie mlouliza mambo mengine mnisamehe mtasubiri zamu.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi na kaka angu tumebishana mpaka tukanuniana siku mbili. Yeye anasema huyo Oshima hana lolote, alitengeneza picha ya ngono ikapigwa marufuku ndo dunia ikamjua, bila hiyo asingekuwa mtu. Mimi nikawa upande wako ila hoja zikaniishia. Nisaidie. – Mdogo Mtu

JIBU: Marahaba, na pole kwa kununiwa. Mwambie kaka ako ahesabu miaka. Hiyo picha anayoisema ni ya 1976. Oshima alianza kuongoza 1959, maana yake tayari alikuwa na miaka 17 kazini na picha ndefu zaidi ya 15, na huko kwao alishakuwa mtu wa kuogopwa zamani sana.

Alizaliwa Kyoto 1932, baba yake akafariki yeye ana miaka sita, akalelewa na mama. Chuo Kikuu cha Kyoto alikuwa anasoma sheria, ila alijulikana zaidi kwa migomo, alikuwa mmoja wa viongozi wa wanafunzi. 1954 akaingia kampuni ya Shochiku, kwenye studio yao ya Ofuna, kama msaidizi wa muongozaji. Sasa Ofuna ndo ilikuwa nyumbani kwa waongozaji kina Yasujiro Ozu, picha za familia, baba kakaa kwenye mkeka, binti anaolewa, watu wanalia kwa adabu, wenyewe walikuwa na jina kabisa la hiyo staili, waliiita ladha ya Ofuna. Mtu wa migomo unamuweka pale unategemea nini.

Picha yake ya kwanza, hiyo ya 1959, mvulana maskini anauza njiwa barabarani. Njiwa wenyewe ni wale wanaorudi kwao hata ukiwapeleka wapi, kwa hiyo anauza leo, siku mbili tatu njiwa karudi, anauza tena. Binti wa tajiri ananunua, anamuonea huruma, anataka kumtafutia kazi kampuni ya baba yake, halafu ule mchezo wa njiwa unajulikana. Picha yoyote ya Ofuna hapo wangelia wote wakasameheana. Kwa Oshima yule binti ananunua njiwa tena, safari hii anamwambia kaka yake ampige risasi, na kaka anampiga. Imeisha hiyo. Oshima alitaka iitwe Mvulana Muuza Njiwa, mabosi wakaibatiza Mji wa Upendo na Matumaini, jina ambalo ukishaiona picha unaona kama dhihaka, na bado wakalalamika kwamba inaonyesha tajiri na maskini hawawezi kupatana kamwe. Kwani hawakusoma skripti?

Kitu kingine mwambie kaka ako, hichi mimi ndo nakipenda kuliko vyote. 1960 alipoanza kupiga picha za rangi, kuanzia ile ya Hadithi ya Kikatili ya Ujana, akajiwekea sheria kwamba rangi ya kijani isionekane. Kijani hakuna. Aliandika mwenyewe sababu, kwamba kijani kinalainisha moyo wa Mjapani, kabustani nyuma ya nyumba, mti mmoja unachungulia dirishani, mtu akiona hivo hasira zinashuka na yeye hakutaka zishuke, na kwa sababu hiyohiyo akakataa pia watu wakae kwenye mikeka wanakunywa chai. Fikiria mtu anafukuza rangi ili wewe usipate pa kupumzisha macho. Hapo hajavuliwa mtu nguo, hajauawa mtu, na bado ni uchokozi kuliko skendo zote zilizofuata.

Mimi navoona mambo yake yote ni hilohilo moja, hataki mtazamaji apate kona ya kujificha akasema haya hayanihusu. Ngono ilikuja baadae kama njia nyingine ya kufanya kazi ileile.

SWALI: Anko, umesema kampuni yake mwenyewe iliing'oa picha yake. Kampuni gani inatupa hela zake? – Mhasibu

JIBU: Nilisema kweli, na ilitokea Oktoba 1960. Mwaka ule Japani ilikuwa inawaka moto, mkataba wa usalama na Marekani ulikuwa unafanyiwa upya na mamia ya maelfu ya watu walikuwa barabarani Tokyo kuupinga, mwezi wa sita mwanafunzi wa kike akafia kwenye vurugu pale bungeni, na mkataba ukapita vilevile. Oshima hakusubiri vumbi litulie, akatengeneza Usiku na Ukungu Japani, kwa kwao Nihon no Yoru to Kiri. Ni harusi. Bwana na bibi harusi ni watu wa harakati, wageni ni wanaharakati wa zamani na wapya, na sherehe katikati inageuka mahakama, nani alimsaliti nani, nani alikaa kimya mwenzetu alipokufa. Kamera inaenda kutoka uso hadi uso bila kukata, picha nzima haina shoti zaidi ya 50 hivi, waigizaji wanajikwaa kwenye maneno na yeye anaacha hivohivo.

Na angalieni anayepigwa humo ni nani. Sio serikali. Ni mrengo wa kushoto, watu wake, Chama cha Kikomunisti na wakubwa wa wanafunzi waliokuwa wanajiona safi. Rafiki zake wengi waliona ni kama kawachoma kisu mgongoni.

Picha imetoka tarehe 9. Tarehe 12, mwenyekiti wa Chama cha Kisoshalisti, Inejiro Asanuma, yuko jukwaani anahutubia, kijana wa miaka 17 wa mrengo wa kulia akapanda na upanga akamuua mbele ya watu na kamera za televisheni. Shochiku wakaiondoa picha haraka, ilikuwa haijamaliza hata wiki. Walisema watu hawaji. Oshima akasema ni mauaji ya kisiasa ya picha yake, akapiga kelele kila gazeti lililokubali kumsikiliza, na mwaka uliofuata akaondoka akaanzisha kampuni yake Sozosha pamoja na mkewe, muigizaji Akiko Koyama. Kwa hiyo ndugu Mhasibu, hela zilitupwa na muongozaji pia akatupwa, ingawa yeye hakutupika.

SWALI: Habari Anko. Nimesoma mahali kwamba alitetea sana Wakorea. Kwa nini Mjapani ahangaike na Wakorea? – Bi Mdadisi

JIBU: Nzuri Bi Mdadisi, na umeuliza swali ambalo wengi wanaliruka wakikimbilia yale ya chumbani.

Japani ilitawala Korea kuanzia 1910 mpaka iliposhindwa vita 1945. Wakorea wengi walipelekwa Japani kufanya kazi na wengine wakaingia jeshini wakapigana kwa jina la mfalme wa Japani. Vita ilipoisha wakavuliwa uraia, na asiye raia hana pensheni. 1963 Oshima akaenda na kamera ya televisheni kuwafuata hao askari, filamu ya dakika 25 hivi inaitwa Jeshi Lililosahaulika. Wamevaa kanzu nyeupe za wagonjwa, mmoja hana macho na mkono mmoja hana, wanaandamana kwenda serikalini wanaambiwa nyie sasa ni Wakorea nendeni kwenu, wakienda kwa wawakilishi wa Korea wanaambiwa nyie mliumia mkipigana vita ya Japani. Wanaishia kwenye chakula na pombe, wanagombana wenyewe kwa wenyewe, halafu yule asiye na macho anavua miwani na machozi yanatoka kwenye mashimo ambayo hayana jicho. Sauti ya msimulizi inawauliza Wajapani, haya ni sawa kweli? Niliiona mara moja sijarudia, siwezi.

Ukitoka hapo ndo utaielewa Koshikei, yaani Kifo cha Kunyongwa, ya 1968. Ilitokana na kesi ya kweli, kijana Mkorea aliyezaliwa Japani akaua mwaka 1958 akanyongwa 1962. Oshima anaanza kama mtu wa habari, anakuonyesha nyumba ya kunyongea, choo kiko wapi, pazia liko wapi, kila kitu kimepangiliwa vizuri. Kijana, anaitwa R tu, anatundikwa. Hafi. Moyo unadunda, akaamka, ila kumbukumbu zimefutika hajijui ni nani. Na sheria hairuhusu kumnyonga mtu asiyejua kosa lake! Basi maofisa wa gereza, daktari, kasisi, wote wanaanza kumuigizia makosa yake ili akumbuke, wanaigiza familia yake, wanaigiza Ukorea wake vile wao wanavyowafikiria Wakorea, na kadiri wanavyoigiza ndo unaona hizo fikra chafu zilikuwa zao muda wote. Unacheka mpaka mbavu zinauma halafu unaona aibu kwamba umecheka. Mwisho kabisa sauti inawashukuru maofisa waliohudhuria, na wewe, na wewe, na wewe ulieangalia. Hata wewe ulikuwepo kwenye kunyonga.

Hela ya kutengenezea ilikuwa ndogo, walishirikiana na Art Theatre Guild, kampuni ya picha za sanaa, mpango wao ulikuwa kila upande unatoa nusu, jumla yeni milioni 10, na kwa picha za wakati ule hiyo ilikuwa sawa na bure. Watu wanapiga kelele bajeti bajeti. Huyu alikuwa na chumba kimoja na kitanzi.

SWALI: Mzee tusizunguke. Hiyo picha ya 1976 ina nini hasa na ilikuwaje akashtakiwa? – Msomaji Asiye na Aibu

JIBU: Nilijua utakuja. Inaitwa Ai no Korida. Imetokana na tukio la 1936 Tokyo, Abe Sada, mwanamke aliyekuwa mtumishi wa hoteli, akapendana na bwana mwenye hoteli, wakajifungia vyumbani siku na siku, mwisho akamnyonga wakiwa kitandani akamkata sehemu za siri akatembea nazo mpaka polisi walipomkamata. Japani nzima inaijua hiyo hadithi. Oshima aliamua kuionyesha bila kuficha kitu, waigizaji Eiko Matsuda na Tatsuya Fuji wanafanya kweli, siwaandikii zaidi ya hapo, gazeti linaingia majumbani.

Ujanja ulikuwa kwenye makaratasi. Prodyuza alikuwa Mfaransa, Anatole Dauman. Walipiga picha Kyoto mlango umefungwa, halafu mikanda ikasafirishwa Ufaransa kabla ya kusafishwa, ikasafishiwa na kuunganishiwa huko, kwa hiyo kisheria ni picha ya Ufaransa na Japani hakuna aliyeisafisha. Iliporudi kuonyeshwa Japani ikaingia kama mzigo wa nje na forodha ikaivuruga kwa kuziba sehemu, ukiangalia unaona mawingu tu. Kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo watu waligombania kuingia. New York nako forodha ya Marekani wakaizuia isionyeshwe kwenye tamasha.

Sasa kaka ake Mdogo Mtu asikie hapa: Oshima hakushtakiwa kwa ajili ya picha. Alishtakiwa kwa kitabu! Skripti na picha za mnato zilichapishwa Japani na serikali ikaona hapo ndo pa kumshika, kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, uchapishaji wa mambo ya aibu. Mshtakiwa mwingine angesema jamani hiki kitabu si kichafu, hii ni sanaa. Yeye alikataa huo mlango. Hoja yake ilikuwa kwamba uchafu unakuwepo pale mnapoficha, kikionyeshwa chote uchafu unaisha, na mahakama inieleze mambo ya aibu yana ubaya gani. 1979 akaachiwa, waendesha mashtaka wakakata rufaa, 1982 akashinda tena. Kifungu chenyewe hakikufutwa lakini, kiko mpaka leo.

Na picha ni nzuri? Nzuri ndio, ila inachosha, na nadhani alitaka ichoshe. Kuna sehemu moja yule bwana anatembea peke yake barabarani, upande wa pili kikosi cha askari kinapita na watu wanapunga vibendera, yeye anapita ukutani ameinamisha kichwa anaenda kinyume chao. Ni sekunde chache. 1936 hiyo, jeshi linajiandaa kwenda kuua China, halafu mkosefu tunaambiwa ni mwanamke mmoja chumbani.

Miaka miwili baadae, 1978, akarudi Cannes na Ai no Borei, hadithi ya mzimu kijijini, akachukua tuzo ya muongozaji bora. Hiyo haina skendo ndo maana hakuna hata mmoja wenu alieiuliza.

SWALI: Anko ni kweli David Bowie aliigiza kwa Oshima? Na ni kweli Takeshi Kitano alianzia hapo? – Shabiki wa Muziki

JIBU: Kweli ya kwanza, ya pili nusu. Ni Krismasi Njema Bwana Lawrence, 1983, kambi ya mateka wa vita Java mwaka 1942, ila walipigia kisiwa cha Rarotonga na New Zealand. Oshima alimuona Bowie, yule mwanamuziki wa Uingereza, jukwaani New York kwenye tamthilia, akamtaka. Upande wa Wajapani akamchukua Ryuichi Sakamoto, mwanamuziki ambae hajawahi kuigiza, na Sakamoto akakubali kwa sharti kwamba muziki wa picha aandike yeye. Ule muziki ndo ukamfungulia dunia. Kitano yeye alikuwa mchekeshaji wa televisheni, alishaigiza vijisehemu vidogo ila hii ndo ilimpa uzito, na amesimulia mwenyewe kwamba alijipenyeza kwenye jumba la sinema kuona watu watampokeaje, uso wake ulipotokea tu ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yeye kaigiza sajenti katili! Ikamuuma.

Kuna kisa kingine Kitano anapenda kusimulia. Oshima alijulikana kwa kufoka, sauti yake ilikuwa inatisha watu studio nzima. Kitano na Sakamoto wakakubaliana, akitufokea mmoja tunaondoka wote. Oshima kwa hiyo ikabidi afoke kwa wengine, siku moja mjusi aliyetakiwa kukaa kwenye shoti akakimbia na muongozaji akamfokea mjusi, akamuuliza wewe ni wa kampuni gani.

Mwaka ule Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, ilienda Japani kweli, ila kwa muongozaji mwingine, Shohei Imamura. Wengi walitegemea iwe ya Oshima.

SWALI: Kuna video ya wazee wawili wa Kijapani wanapigana kwenye sherehe, mmoja na maiki. Naambiwa ni yeye?? – Mcheka Sana

JIBU: Ndie. 1990, sherehe ya miaka 30 ya ndoa yake na Koyama. Mwandishi Akiyuki Nosaka alipangiwa kuhutubia, wakamsahau, akasubiri na glasi mkononi muda mrefu, alipoitwa akasoma hotuba yake vizuri kabisa, akamaliza, akamchapa Oshima ngumi ya uso miwani ikaruka. Oshima akamjibu kwa maiki, na maiki iko wazi kwa hiyo kila pigo linasikika kwenye spika. Baadae waliombana radhi. Wakati huo Oshima alikuwa rais wa chama cha waongozaji wa Japani, alikuwa nacho tangu 1980, na televisheni alikuwa mgeni wa kudumu amevaa kimono anabishana na kila mtu usiku kucha. Wajapani wengi wa rika la kati hawajaona picha yake hata moja ila wanamjua kama yule mzee wa kufoka kwenye tivii.

SWALI: Mwanamke na sokwe? Serious Anko? – Jina Limehifadhiwa

JIBU: Ndio. Inaitwa Max Mon Amour, 1986, Ufaransa, Charlotte Rampling ni mke wa mwanadiplomasia anampenda sokwe. Watu walikuwa wanategemea skendo kubwa, ikatoka picha yenye adabu sana, baridi, wanakula mezani na sokwe. Sikuipenda. Tuendelee.

SWALI: Mimi sijaona hata moja. Nianze na ipi, na alimalizaje? – Mgeni

JIBU: Nianze na kumaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 90 alihangaika na mradi wa Hollywood kuhusu Sessue Hayakawa, muigizaji Mjapani aliyevuma Hollywood enzi za sinema bubu, hela hazikupatikana ukafa. 1996 akiwa London uwanja wa ndege akapigwa na kiharusi. Watu wakadhani basi. 1999 akatoka na Gohatto, samurai wa Kyoto wanagombana roho juu ya kijana mmoja mzuri alieingia kikosini, kaiongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na Kitano na Sakamoto wamerudi, mmoja anaigiza mwingine muziki. Kikosi kizima kinajidai kinafuata sheria kali za kiume na kinachowavuruga ni mapenzi yao wenyewe. Baada ya hapo mwili ulikataa. Koyama alimuuguza mpaka alipofariki Januari 2013, ana miaka 80.

Ya kuanzia usianze na ile wanayobishania wenzio. Anza na Shonen, yaani Mvulana, ya 1969. Nayo ya kweli, ilikuwa kwenye magazeti: baba mlemavu wa vita, mama wa kambo (ndo Koyama mwenyewe), na mtoto wa miaka 10, wanaishi kwa kujirusha kwenye magari yanayopita. Mama anajigonga, baadae mtoto anajigonga, dereva anaogopa polisi analipa, wanahama mji. Wanapanda kaskazini mji kwa mji mpaka nchi inaisha. Yule mtoto muigizaji Oshima alimtoa kwenye kituo cha yatima, hajifanyishi kulia wala kucheka, anaangalia tu.

Hapo Hokkaido kuna theluji kila mahali. Mtoto ana mdogo wake mdogo kabisa, amekuwa akimsimulia kuhusu watu wa sayari ya mbali wasioogopa, wasiolia, wanaokuja kuwaokoa wema. Anamjengea mmoja wa theluji, mkubwa kumzidi yeye, anamwekea kiatu chekundu cha msichana alieona amekufa ajalini. Halafu anaanza kumvunja, anamrukia kwa mwili mzima, vilevile anavyojirusha kwenye magari. Mdogo mtu kasimama pembeni anatazama, na kamera haisogei.